NYUMBANI NA SHULENI: Vyombo vya Kupangia na Kupambia Darasa



Mwezi huu twapenda kunena nanyi juu ya chumba cha darasa, na vyombo vya kukipangia na kukipambia visivyommalizia mwalimu mshahara wake. Jambo hili laonekana dogo, wala si dogo. Tangu ada za shule za msingi zilipoondolewa, Uganda mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, watoto wamejaa madarasani, na mara nyingi vitabu havitoshi. Mtoto aketiye nyuma asipoliona neno ubaoni hunyamaza. Na akizoea kunyamaza, mwisho huacha kuja. Basi ukuta wa darasa ndio kitabu cha asiye na kitabu, nasi yatupasa kuuandika vema.

Kwanza ni ubao. Ukiisha kupauka, msiupake unga mweusi wa betri kuukuu, kama wengi walivyozoea. Unga ule una madini ya manganizi, na vumbi lake likivutwa muda mrefu hudhuru ubongo. Twaeni mkaa wa kuni, mpondeponde, mchekeche, kisha mchanganye na maji ya majani mabichi yaliyotwangwa, mpake kwa kitambaa na kuacha ukauke. Hautadumu kama rangi ya dukani, lakini kuurudia ni kazi ya saa moja tu. Kisha mwalimu na aende kuketi dawati la mwisho, pembeni, asome maandishi yake mwenyewe. Yasiposomeka, akuze herufi. Na kama mwanga wameta ubaoni, mkeka mmoja dirishani watosha.

Pili ni chati. Karatasi ya manila hupendeza, lakini hulegea kwa unyevu na kuchanika kabla ya mwaka kwisha. Gunia la sandarusi lililokuwa la mchele au la sembe lafaa zaidi. Fumueni mshono wake, mlioshe, mwandike upande wa ndani usio na chapa, kwa kalamu ya wino usiofutika. Shoneni pindo juu na chini, mpitishe vijiti, nayo itakunjwa kama mkeka wakati wa likizo. Humo tieni silabi, jedwali la kuzidisha, au ramani ya wilaya. Vuteni kamba toka ukuta hata ukuta, mwitundike kwa vibanio vya nguo, usawa wa macho ya mtoto, si ya mtu mzima.

Tatu ni vifaa vya mikono. Vizibo vya soda, vikigongwa kwa nyundo hata kingo zilale, na kutobolewa kwa msumari, vyafaa sana kwa hesabu: tungeni 10 katika uzi mmoja, na nyuzi 10 zitakuwa 100, mtoto azishike kwa mkono wake. Makopo ni mazuri kwa kalamu na chaki, ila kingo zake zigongwe vivyo hivyo, zisije zikawakata watoto. Rafu yafanywa kwa mbao juu ya matofali. Iacheni mbali na ukuta kiasi cha kiganja, ili mchwa wakipanda muione njia yao. Tena iwe fupi. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto kule Rumi mwaka 1907, aliwawekea vifaa mahali wanapofika wenyewe, wavitwae na kuvirudisha bila kuamriwa; na mtoto arudishaye kitu mahali pake amekwisha kujifunza somo moja.

Nne ni kiasi, nalo ndilo wengi husahau. Mwaka 2014 wataalamu wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa habari za watoto 24 wa chekechea waliofundishwa masomo 6 ya sayansi: mengine katika chumba chenye kuta zilizojaa mapambo, mengine katika chumba kisicho na mapambo. Katika chumba cha mapambo watoto walitazamatazama huku na huku zaidi, wakajibu sawa maswali 42 katika mia. Katika kile kingine walijibu 55. Hii si kusema kuta ziachwe tupu. Ni kusema kwamba ukuta wa ubao usitundikwe kitu kingine, na chati ambayo somo lake limekwisha iondolewe kupisha nyingine.

Tumeona pia desturi isiyofaa: mapambo kutolewa sandukuni siku ya mkaguzi, na kurudishwa jioni. Mgeni huja mara moja. Mtoto huja kila siku. Je, chumba kimepambwa kwa ajili ya nani?

Nanyi wazazi, msiseme haya ni ya mwalimu peke yake. Gunia moja tupu, makopo mawili, vizibo vichache, na mkono wa mama ajuaye kushona pindo: hakuna nyumba iliyokosa vyote hivyo. Na siku mtakapovipeleka, ingieni darasani, mketi kidogo dawati la nyuma, mtazame kama ubao waonekana. Huenda mtoto wenu ndiye aketiye hapo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena juu ya kutengeneza na kutunza vitabu vilivyochakaa.