Fedha za Televisheni na Ujirani wa Vyuo

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona habari za mpira wa vyuo vikuu vya Marekani katika ukurasa wa jamaa na malezi. Mpira wenyewe si huu tuuchezao sisi. Ule wa kwao umechongoka pande mbili, hubebwa mikononi, na wachezaji kumi na mmoja wa kila upande huvaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Hata hivyo mchezo huo umezaa mkasa ambao kila mwenye jamaa ataufahamu mara moja, kwani ni mkasa wa ujirani wa zaidi ya miaka mia moja uliovunjika kwa sababu ya fedha. Tena wamo ndani yake vijana wetu wa Afrika Mashariki, kama tutakavyoona.

Kwanza yafaa tueleze desturi yenyewe. Nchini Marekani kijana hodari wa mpira huo hupitia chuo kikuu kabla ya kufikia timu za kulipwa. Chuo humgharimia masomo, malazi na chakula, naye huichezea timu ya chuo. Msimu wa mashindano huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Januari. Kisha baridi inapopungua, hasa katika miezi ya Machi na Aprili, kila timu huruhusiwa kufanya mazoezi 15. Hapo ndipo mwalimu wa timu humpima kijana mgeni, na yule aliyekaa benchi mwaka mzima hupata nafasi ya kuonekana. Kwa desturi mazoezi hayo hufungwa kwa mchezo wa wao kwa wao. Wazee, akina mama na watoto hujaa uwanjani kuwatazama vijana wao, mara nyingi kwa kiingilio kidogo.

Desturi hiyo sasa imeanza kufifia. Mapema mwaka 2025 Matt Rhule, mwalimu wa timu ya Nebraska, alisema hataki tena kuuendesha mchezo huo kama zamani. Alieleza kwamba baada ya mchezo wa mwaka 2024 kuonyeshwa katika televisheni, timu nyingine ziliwaona wachezaji wake na kuanza kuwashawishi wahame. Texas na vyuo vingine kadhaa navyo viliuacha mchezo huo mwaka huohuo. Ukimwona mkulima anaogopa kuanika mahindi yake uani mchana, ujue imani baina ya majirani imekwisha.

Imani hiyo ilikwishaje? Jibu lake halimo katika mazoezi. Limo katika mikataba ya televisheni.

UKOO WA MAGHARIBI

Vyuo vya Marekani hushindana kwa makundi yaitwayo mashirikisho. Hapo mwanzo shirikisho lilikuwa jambo la ujirani tu: vyuo vilivyoweza kufikiana kwa gari moshi vilikubaliana kanuni na kutembeleana kila mwaka. Mwezi Desemba 1915 vyuo vinne vya pwani ya Pasifiki, yaani California, Washington, Oregon na hicho kinachoitwa leo Oregon State, viliunda shirikisho lao. Washington State ikaingia mwaka 1917 na Stanford mwaka uliofuata. Baadaye zikaja USC na UCLA za mjini Los Angeles. Shirikisho hilo lilivunjika na kuundwa upya mwaka 1959, likabadilisha jina mara kadhaa, na tangu mwaka 2011 likajulikana kwa jina la Pac-12, kwa kuwa wanachama wake walikuwa 12.

Katika ukoo huo walikuwamo matajiri na maskini. USC na UCLA zina jiji kubwa mlangoni. Washington State iko Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano, na Oregon State iko Corvallis, mji wa kiasi. Lakini kila mwaka mkubwa alimtembelea mdogo, na safari nyingine mdogo alimtoa mkubwa kijasho. Washington na Washington State zilianza kushindana mwaka 1900. Oregon na Oregon State zilianza mwaka 1894. Mashindano hayo yalirithiwa na watoto kutoka kwa baba na babu zao.

Televisheni nayo ilidhibitiwa kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1950 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliweka mipaka juu ya idadi ya mechi zitakazoonyeshwa, kwa hofu kwamba watu wangebaki majumbani na viwanja vingekuwa vitupu. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vilikwenda mahakamani kuyapinga masharti hayo. Mwezi Juni 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba masharti yale yalizuia ushindani wa biashara. Mmoja wa majaji wawili waliopinga uamuzi huo alikuwa Byron White, ambaye katika ujana wake alikuwa mchezaji mashuhuri wa chuo cha Colorado.

Tangu siku ile kila shirikisho liliweza kuuza mechi zake lenyewe. Bei ikapanda mwaka hata mwaka. Mwezi Agosti 2022 shirikisho la Big Ten, ambalo asili yake ni majimbo ya kati ya Marekani, liliingia mkataba wa miaka saba na makampuni ya Fox, CBS na NBC. Magazeti yaliripoti kwamba thamani yake ilipita dola bilioni 7. Kampuni ya ESPN nayo ikakubali kulipa dola bilioni 7.8 kwa miaka sita, kuanzia msimu wa 2026, ili ionyeshe michezo ya mtoano inayompata bingwa wa taifa. Penye sufuria kubwa hivyo, kila mmoja alitaka kukaa karibu na jiko.

SIKU UKOO ULIPOSAMBARATIKA

Mwishoni mwa Juni 2022 USC na UCLA zilitangaza kwamba zitahamia Big Ten ifikapo mwaka 2024. Vyuo kumi vilivyobaki Pac-12 vilianza kutafuta mkataba mpya wa televisheni. Muda ukapita bila mkataba. Wakati huohuo shirikisho jirani la Big 12 liliharakisha kutia sahihi na ESPN na Fox, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa karibu dola milioni 31.7 kwa kila chuo kwa mwaka. Mwezi Julai 2023 Colorado ilihamia huko. Pac-12 ilipopata ofa ya kampuni ya Apple, malipo yake yalitegemea idadi ya watazamaji watakaojiandikisha, na wengi hawakuiamini. Tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja, vyuo vitano viliondoka: Oregon na Washington vikaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah vikaenda Big 12. Mwezi uliofuata Stanford na California, ambazo ufuko wa Pasifiki ni jirani yao, zilikubaliwa katika shirikisho lenye jina la pwani ya Atlantiki, tena kwa sehemu ndogo tu ya fedha za televisheni katika miaka ya mwanzo.

Walibaki wawili, Washington State na Oregon State, kama watoto waliorudi kutoka shuleni wakakuta nyumba imehamwa.

Wawili hao hawakukaa kulia. Walikwenda mahakamani katika jimbo la Washington, na mwezi Novemba 2023 jaji aliamua kwamba waliokwisha tangaza kuondoka wasiendelee kuamua mambo ya shirikisho na mali yake. Mahakama ya juu ya jimbo hilo ikakataa kuutengua uamuzi huo, na baada ya siku chache pande zote zikapatana. Lakini kushinda kesi hakupandi ngano. Kwa msimu wa 2024 iliwabidi wawili hao wakubali kulipa dola milioni 14 ili shirikisho la Mountain West liwapangie mechi za kucheza.

Mazoezi ya Machi na Aprili yalionyesha jeraha hilo waziwazi. Mwaka 2024 vijana wa Pullman walifundishwa na Jake Dickert. Mwisho wa mwaka huo alihamia Wake Forest, na mchezaji wake aliyepanga mashambulizi, John Mateer, akahamia Oklahoma. Mwaka 2025 mazoezi yaliongozwa na mwalimu mpya, Jimmy Rogers. Msimu mmoja haujapoa naye akaitwa Iowa State, na nafasi yake akapewa Kirby Moore. Kijana aliyeingia chuoni mwaka 2024 amepata walimu watatu kabla hajamaliza masomo yake. Mzazi yeyote anajua maana ya mtoto kubadilishiwa mlezi kila mwaka.

RONO NA WENZAKE

Sasa tuje kwa vijana wetu. Chuo hicho cha Pullman ndicho kilichowapokea wakimbiaji wengi wa Kenya katika miaka ya 1970. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi wake alipovunja rekodi ya dunia ya meta 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Ya kwanza, ya meta 5,000, aliivunja Aprili 1978 huko Berkeley, nyumbani kwa chuo cha California. Ya pili, ya meta 3,000 kuruka viunzi na maji, aliivunja Mei mjini Seattle, nyumbani kwa chuo cha Washington. Nyingine mbili alizivunja Vienna na Oslo. Tazama basi: rekodi mbili kati ya nne zilipatikana katika viwanja vya majirani wa shirikisho, mahali ambapo mwanariadha wa Pullman aliweza kwenda na kurudi darasani. Julius Korir wa Kenya, bingwa wa Olimpiki mwaka 1984, alisoma hapohapo. Gabriel Tiacoh, aliyeiletea Ivory Coast medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka huohuo katika meta 400, naye alitoka hapo.

Rono alifariki Februari 2024, wakati shirikisho alilolikimbilia likiwa katika miezi yake ya mwisho ya ukamilifu. Mwezi Juni 2025 Washington State ilitangaza kwamba timu yake ya riadha itaelekeza nguvu zake katika mbio ndefu. Michezo ya kuruka na kutupa ilifutwa, na mbio fupi zikapunguzwa. Kwa hiyo kijana mwenye miguu ya Rono bado anaweza kubisha hodi Pullman. Mwenye miguu ya Tiacoh ataukuta mlango umeegeshwa.

Hapo ndipo ulipo uzito wa mkasa huu. Katika vyuo vikubwa mpira ndio unaolisha michezo mingine. Mapato yake yakipungua, wa kwanza kukosa chakula ni mtupa mkuki na mruka chini, ambao hawakuulizwa lolote. Hata kwa waliofuata fedha, wanaobeba mzigo wa safari ni wengine. Timu ya mpira husafiri mara chache kwa msimu, tena mwishoni mwa juma. Lakini binti wa UCLA anayecheza mpira wa wavu husafiri mara nyingi zaidi, na huenda safari moja ikampeleka Rutgers katika jimbo la New Jersey, karibu kilometa 4,000. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Kairo, na mtihani unamngoja.

Wala hatusemi kwamba fedha ni haramu. Kwa miaka mingi walimu wa timu walipokea mamilioni huku vijana wenye kuvunjika mbavu wakikatazwa kupokea senti zaidi ya gharama za masomo. Tangu Julai 2021 wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayokiruhusu chuo kugawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Ni haki iliyochelewa. Ila haki hiyo imeongeza pengo kati ya chuo chenye mkataba mnono na kisicho nao.

Wala walioachwa si malaika. Kanuni zilitaka shirikisho liwe na vyuo vinane vya mpira, nao waliitafuta idadi hiyo kwa kuvichukua vyuo vitano vya Mountain West, yaani walewale waliowapangia mechi walipokuwa yatima. Vyuo hivyo, pamoja na Texas State, vilikubali kuingia kuanzia Julai 2026. Kesi nyingine ikazuka juu ya fidia. Aliyevunjiwa nyumba alikwenda kung'oa mabati ya jirani.

Kwa wazazi wetu wenye watoto wanaotazamia ufadhili wa michezo huko ng'ambo, mafunzo ni ya kutenda. Usiridhike na jina la chuo. Uliza kama ufadhili ni wa mwaka mmoja mmoja au wa miaka yote ya masomo. Uliza itakuwaje mchezo wa mwanao ukifutwa: je, atamaliza shahada yake? Uliza chuo kimo katika shirikisho gani na safari zake ni za umbali gani. Tena ukumbuke kwamba mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo amewekewa mipaka mikali ya kufanya kazi ya malipo, hivyo fedha hizi mpya si rahisi kumfikia.

Majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi kabla mtoto hajapanda ndege. Ahadi ya mdomo ya mwalimu wa timu haitoshi, kwani mwalimu mwenyewe huenda akahama kabla ya mazoezi ya mwaka unaofuata.