Rangi Nyekundu si Damu

Huku kwetu Tanga mtu akiambiwa kliniki kwamba damu yake ni kidogo, majirani huja mbio na dawa. Mmoja analeta maji ya choya. Mwingine analeta juisi ya bitiruti. Wa tatu anasema changanya soda nyekundu na maziwa. Ukiuliza sababu, unajibiwa: "Si unaona rangi yake?"

Mimi nasema tuiache hesabu hii. Choya na bitiruti ni vinywaji vizuri, lakini havimtoshi mtu aliyekwisha pungukiwa damu. Soda ni sukari. Maziwa yana faida nyingi, lakini chuma kimo kidogo sana. Na mwili hautengenezi damu kwa rangi. Unahitaji madini ya chuma.

Utamtambuaje aliyepungukiwa? Mama anatoka kisimani na ndoo, anasimama mara tatu kuhema. Moyo unakwenda mbio hali ameketi. Akiinuka, kichwa kinazunguka. Vuta kope lake la chini utazame ndani. Pakiwa peupe, hiyo ni dalili. Tazama na viganja na ulimi. Tena wapo wanaotamani udongo, ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, au wanaotafuna mchele mbichi. Watu huwacheka. Wasichekwe, maana mara nyingi hamu hiyo huenda pamoja na upungufu wa chuma.

Lakini macho hayatoshi. Damu hupimwa, na kipimo ni tone la kidole tu. Mjamzito mwenye chini ya gramu 11 kwa desilita amepungukiwa. Mwanamke asiye na mimba ni chini ya 12. Umejifunza kusoma na kuandika, basi uliza namba yako uiandike katika daftari. Ukirudi kupima, utajua kama damu inapanda au inashuka.

Uliza pia damu imekwenda wapi. Malaria huvunja damu. Minyoo ya safura hunyonya damu tumboni, nayo huingia kwa nyayo za mtu anayekanyaga udongo wenye kinyesi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihimiza vyoo kwa sababu ya maradhi kama hayo. Kumeza chuma huku safura ananyonya ni kumimina maji katika mtungi uliotoboka.

Sasa vidonge. Dukani utakuta majina kama feras salfeti, feras fumareti na feras glukoneti. Vyote vina chuma, lakini si kwa kiasi kimoja. Miligramu 180 za fumareti na miligramu 500 za glukoneti zina chuma kilekile, yaani miligramu 60. Kwa hiyo kidonge kikubwa si lazima kiwe na nguvu kuliko kidogo. Soma pakiti, utafute kiasi cha chuma chenyewe. Na zile chupa za dawa ya maji zenye picha za kupendeza, soma kwanza kijiko kimoja kina chuma kiasi gani, ndipo utoe fedha yako.

Kwa mama mjamzito, naona kidonge cha kliniki chenye chuma na asidi ya foliki kinamfaa kuliko chupa hizo. Asijiongezee kidonge kingine cha foliki cha miligramu 5 bila kuulizwa. Kiasi hicho hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kumkinga na malaria.

Kwa watoto wadogo sina utani. Ng'ambo yetu, kisiwani Pemba, watafiti waliwapa maelfu ya watoto chuma na foliki kila siku kuanzia mwaka 2002. Wengine walipewa dawa isiyo na chuma ili walinganishwe. Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006: waliopewa chuma walilazwa au kufariki zaidi, kwa kadiri ya asilimia 12. Malaria ilikuwa nyingi kisiwani wakati huo. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria vizuri, watoto wenye upungufu wa chuma walinufaika.

Basi chuma si adui wa mtoto. Adui ni kukinunua kwa kukisia. Mtoto apimwe damu na malaria kwanza. Mwenye selimundu ndiye hasa asipewe chuma mpaka mganga aseme, kwa sababu kupungukiwa kwake damu kuna chanzo kingine, na chuma kikizidi humdhuru.

Jambo la chai litawaudhi wengi, hata mimi, maana majani yanatoka Usambara hapo juu na chai yetu ni tamu. Lakini chai huzuia chuma kuingia mwilini. Meza kidonge kwa maji, kisha kula chungwa. Muheza wakati wa msimu machungwa huoza chini ya miti, nasi tunakunywa chai! Subiri saa moja au mbili ndipo unywe. Fanya hivyo hivyo ukila kisamvu, mchicha au mbaazi. Dagaa na maini hutoa chuma kwa urahisi zaidi.

Choo kikiwa cheusi usiogope wala usiache dawa, ni chuma kilichobaki. Tumbo likichafuka, meza baada ya chakula. Usiache siku ile unapopata nguvu. Kwa kawaida mganga atakuambia uendelee miezi mitatu hivi, ili mwili uweke akiba.

Kopo la vidonge liwekwe juu, mahali mtoto hafiki. Vingine vina rangi na utamu wa peremende. Mtoto akimeza vingi vinaweza kumwua, hata kama baada ya kutapika ataonekana amepona. Mkimbize hospitali saa ileile, na kopo ulichukue.