Chupa ya shilingi elfu kumi

Mafuta ya upako siku hizi yanauzwa nje ya kumbi za ibada kama maji ya kunywa yanavyouzwa stendi, na Mkristo anayeyanunua ili atulize kiu ya roho anaelekezwa pasipo na kisima. Wasomaji wa siku nyingi wanaujua msimamo wa safu hii juu ya biashara hiyo. Yaliyoonekana Jumapili iliyopita, nje ya ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, yameuongezea uzito.

Ibada ilimalizika saa nane mchana. Pembeni mwa geti palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, na juu yake zimepangwa chupa ndogo za plastiki zenye mafuta ya njano hafifu, pakiti za chumvi, na stika za kubandika mlangoni. Mama mmoja, mtoto wa miaka kama sita amemlalia begani, alifungua pindo la khanga akahesabu: noti moja ya elfu tano, mbili za elfu mbili, na sarafu ya mia tano. Chupa ni elfu kumi. Kijana wa mezani aliichukua chupa akairudisha kwenye safu yake, akamtaka asogee pembeni ili wengine wahudumiwe. Mtu wa nyuma yake kwenye foleni ndiye aliyeongeza ile mia tano iliyopungua. Mama akapokea chupa kwa mikono miwili, akaifungua hapo hapo, akampaka mtoto utosini huku kidole kikimtetemeka. Jirani aliyefuatana naye alieleza kwamba mtoto ana kifafa, na dawa zake zilikwisha wiki iliyotangulia.

Imani ya mama huyo haina kosa lolote. Mtu anayetoa fedha yake ya mwisho kwa ajili ya mwanawe ana imani kuliko wengi wanaokalia viti vya mbele. Kosa ni la aliyeweka bei, na ubaya wake ulionekana wazi pale chupa iliporudishwa mezani kwa sababu ya mia tano. Tena ni kosa linaloweza kuua, kwa kuwa fedha ambayo ingenunua dawa inaishia mezani, na mgonjwa wa kifafa akikatishiwa dawa ghafla degedege huweza kumrudia kwa nguvu zaidi.

Watetezi wa meza hizo wana andiko wanalolipenda, Matendo ya Mitume 19, linaloeleza jinsi leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilivyopelekwa kwa wagonjwa kule Efeso, nao wakapona. Andiko ni la kweli, ila husomwa aya mbili na kitabu kikafungwa. Halitaji bei popote. Tena mbele kidogo katika sura hiyo hiyo, waumini wapya wanaleta vitabu vyao vya uganga na kuvichoma hadharani, vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Baada ya hapo anaingia Demetrio, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi, anawakusanya mafundi wenzake na kuuchafua mji mzima kwa sababu Injili imeanza kuwaharibia biashara. Sura inayotumika kuhalalisha uuzaji wa vifaa vya imani inaishia kwa wauza vifaa vya imani kufanya ghasia. Na kwa anayetaka habari iliyo wazi zaidi, sura ya 8 inamweleza Simoni wa Samaria aliyewatolea mitume fedha ili apewe uwezo wa Roho Mtakatifu. Petro alimkemea mbele ya watu.

Mafuta yenyewe yana nafasi halali katika Ukristo. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unaelekeza kwamba mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Ni vyema kutazama nani anasafiri hapo: mgonjwa yuko kwake, wazee ndio wanaomwendea. Wakatoliki wameuhifadhi utaratibu huo katika Mpako wa Wagonjwa, mojawapo ya sakramenti saba. Padre huitwa, hufika nyumbani au wodini, na sakramenti haiuzwi. Mkutano mkubwa wa uponyaji umeugeuza mwendo huo: mgonjwa ndiye anayepanda daladala mbili na kupanga foleni tangu alfajiri. Mwisho wa mwendo huo Moshi unaujua. Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakiwamo watoto, waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Mtu mwenye kiu atapata wapi basi? Afrika Mashariki ina jibu lake yenyewe, na halijapitwa na wakati. Mwaka 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoikumba Rwanda. Juu ya kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda, Mkristo mwenye kiu ileile. Wawili hao waliketi na Biblia, wakasoma na kuomba pamoja. Hapakuwa na jukwaa. Kutokana na urafiki wa namna hiyo ulikua Ufufuo wa Afrika Mashariki, vuguvugu la walokole, ulioenea miaka ya 1930 na baadaye hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Alama yake ilikuwa toba ya wazi na kurudisha. Mtu aliyeokoka alimrudishia mwajiri alichoiba, akamwendea jirani aliyemkosea. Vivyo hivyo mwanamke Msamaria wa Sikari, katika Yohana 4, alikuja kisimani na mtungi, na baada ya kuzungumza na Yesu akauacha pale, akakimbilia kwa watu wa mjini kwake.

Kanisa Katoliki lilichukua njia ya karibu na hiyo pale maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua, katika miaka ya 1970, kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya parokia. Walutheri nao wana jumuiya zao mitaani. Nyumba chache za jirani hukutana sebuleni kwa mtu au chini ya mwembe, husoma Injili, huomba, huulizana hali, huchangia mgonjwa. Hapo mtu anajulikana kwa jina, na akikosekana mara mbili anaulizwa. Roho hushiba katika mambo hayo ya kila wiki: Neno, sala, Meza ya Bwana, na jirani anayejua kwamba dawa za mtoto zimekwisha.

Lakini lawama haiishii kwenye ile meza ya kitambaa cheupe. Watu wanakimbilia chupa kwa sababu makanisa yaliyowabatiza yameacha kuwatembelea. Jumuiya nyingi zimegeuka vikao vya michango: ya ujenzi, ya gari la paroko, ya jubilei. Daftari linasomwa, majina ya waliochelewa yanatajwa, na asiye nacho anaona haya kurudi. Mama yule, kwa maelezo ya jirani yake, ni mbatizwa na aliwahi kuimba kwaya. Jumuiya ya mtaa wao husali kila Jumamosi asubuhi katika nyumba ya nne kutoka kwake. Tangu mtoto aanze kuugua, hajafika mtu kutoka huko kumbishia hodi.