Nani Kasema Yuri ni ya Wanaume?

Kila ninapotaja kwamba nasoma na kuhakiki yuri, yaani katuni za Kijapani (manga) zinazosimulia mapenzi kati ya wanawake, jibu huwa lile lile: ah, zile picha za kuwapa wanaume raha. Anayechukia mambo hayo husema hivyo. Anayejiona ameelimika naye husema hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayewahurumia wanawake. Hata msomaji wa manga aliyemaliza mamia ya majuzuu ya mapanga na mazimwi huniambia hivyo bila kuwahi kufungua kitabu kimoja cha yuri. Kauli hiyo ni ya uongo. Inawadhulumu wanawake waliojenga fasihi hii kwa zaidi ya miaka 100, na inamharibu mhakiki kabla hajafika ukurasa wa kwanza.

Mzizi wa yuri uko katika majarida ya wasichana. Mwaka 1916 Yoshiya Nobuko, binti wa miaka 20, alianza kuchapisha mfululizo wa hadithi fupi uitwao Hana Monogatari katika jarida la Shōjo Gahō. Hadithi hizo zilifika 52. Hazikuwa katuni bali nathari, tena nathari yenye mapambo mengi, na waliozisoma kwa pupa walikuwa wanafunzi wa shule za wasichana. Ndani yake msichana humpenda mwenzake, huandikiana barua, hupeana maua, kisha shule huisha na mmoja wao huozwa. Uchungu wa kutenganishwa ndio unaozibeba hadithi hizo. Yoshiya mwenyewe hakuolewa. Mwaka 1923 alikutana na Monma Chiyo, mwalimu wa hesabu, wakaja kuishi pamoja hadi Yoshiya alipofariki mwaka 1973. Mwaka 1957 alimwasili Monma kisheria, mtu mzima akimwasili mtu mzima mwenzake, kwa kuwa sheria ya Japani haikuwaachia mlango mwingine wa kuwa familia moja. Huyu ndiye bibi wa yuri. Anayesema fasihi hii ilizaliwa kwa tamaa ya wanaume anionyeshe mwanamume huyo alikaa wapi katika nyumba ya Yoshiya na Monma.

Katuni zilipochukua nafasi ya nathari, kalamu zilibaki mikononi mwa wanawake. Mwaka 1971 Yamagishi Ryōko alichapisha Shiroi Heya no Futari katika Ribon Comic, jarida jingine la wasichana, na wengi wanaofuatilia historia hii huihesabu kuwa manga ya kwanza ya yuri. Wasichana wawili wako shule ya bweni Ufaransa, Resine na Simone. Wanapendana, Resine anaogopa midomo ya watu na kukimbia, na Simone anakufa. Mwisho huo ulirudiwa na wengine kwa miaka mingi, na mimi siupendi. Naona uliwafundisha wasomaji kwamba mapenzi ya namna hii hulipiwa kwa jeneza. Lakini kosa hilo ni la mwanamke akiwaandikia wasichana katika zama zilizombana, na ndivyo linavyostahili kuhakikiwa.

Miaka ya 1990 Takeuchi Naoko, katika Sailor Moon, aliwachora Haruka na Michiru kama wapenzi, tena katika Nakayoshi, jarida linalosomwa na watoto wa kike wa shule ya msingi. Filamu za katuni zilizotokana na kazi hiyo zilipoingizwa sauti za Kiingereza kwa televisheni ya Marekani, wawili hao waligeuzwa mabinamu. Ajabu ni kwamba mikono yao iliachwa ikishikana na macho yao yakiendelea kutazamana vile vile, hivyo mtoto aliyekuwa akitazama akapewa kitu cha kutatanisha zaidi kuliko kile kilichofichwa. Mwandishi alichora mapenzi mbele ya watoto bila aibu yoyote. Uchafu uliingizwa na watu wazima waliodhani wanauondoa.

Njooni sasa kwenye biashara yenyewe, maana wapo watakaosema historia ni historia na soko ni soko. Mwaka 2003 lilitoka Yuri Shimai, jarida la kwanza la yuri tupu. Halikudumu, na mwaka 2005 kampuni ya Ichijinsha ikaanzisha Comic Yuri Hime, ambalo lipo hadi leo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitaka wasomaji wa kiume. Ilifanya nini? Ililazimika kuanzisha jarida jingine kwa ajili yao, Yuri Hime S. Kama yuri ingekuwa mali ya wanaume tangu mwanzo, jarida hilo la pili lingekuwa la kazi gani? Mwaka 2010 likafungwa na hadithi zake zikahamishiwa jarida mama. Tangu hapo wanaume na wanawake husoma kurasa zile zile, na sioni kosa hapo. Mwanamume anayelia juu ya barua ya msichana wa kubuni hajamwibia mtu kitu.

Sitaficha kwamba takataka zipo. Ponografia inayowatumia wanawake wawili ipo Japani kama ilivyo kila mahali, na kwa miongo mingi filamu za wanaume zililichafua neno la Kijapani la kuwataja wanawake wanaopenda wanawake hadi wenyewe wakaona haya kulitumia. Hata ndani ya yuri yenyewe kuna kazi zinazonikera. Citrus ya Saburouta, iliyoanza mwaka 2012, ilipata wasomaji wengi mno, na hadithi yake inaanza kwa dada wa kambo kumbusu mwenzake kwa nguvu, kisha kitendo hicho kinageuzwa kiungo cha mapenzi. Naona hiyo ni dosari kubwa, na nitasema hivyo popote. Ila angalieni ilichapishwa wapi: katika Comic Yuri Hime lile lile lililokuwa na wasomaji wengi wa kike. Kwa hiyo swali la "ilichorwa kwa ajili ya nani" halitoshi kutuambia kama kazi ni nzuri au mbaya. Inabidi isomwe.

Na hapo ndipo watu wanapokwepa. Wanachokiona ni fremu moja iliyokatwa kwenye ukurasa, ikarushwa kwenye simu, wasichana wawili nyuso zimekaribiana, basi. Fremu iliyotangulia hawaijui, inayofuata hawaijui, na hukumu wamekwisha kuitoa.

Chukueni Yagate Kimi ni Naru ya Nakatani Nio, iliyotoka kati ya 2015 na 2019 katika majuzuu 8. Mapema kabisa kuna busu. Yuu na Touko wamesimama mahali reli inapokatiza barabara, kizuizi kimeshuka, treni inapita, na Touko anambusu Yuu. Ikate fremu hiyo uitume kwa mtu, ataona kile alichotarajia kuona. Isome mahali pake. Yuu ni msichana aliyekulia kwenye nyimbo na katuni za mapenzi, akisubiri siku moyo wake utakaporuka kama zilivyomwahidi. Busu linakuja, na moyo wake hausemi kitu. Treni inapita, kizuizi kinanyanyuka, yeye yuko pale pale. Nakatani amechora busu la kwanza ili kuonyesha upweke wa mtu asiyehisi kile ambacho dunia nzima inamwambia atahisi. Naye Touko, aliyeshika nafasi ya dada yake aliyekufa kwa ajali hadi akasahau sura yake mwenyewe, anamwomba Yuu asimpende kamwe, kwa kuwa anajichukia na hawezi kumwamini mtu anayependa kitu anachokichukia. Kazi hii ilitoka katika Dengeki Daioh, jarida linalowalenga wavulana. Mwanamke aliingia katika nyumba ya wavulana akaandika hivi, na wavulana wakakaa wakasoma.

Au chukueni kazi ninayoipenda kuliko zote, Tsukuritai Onna to Tabetai Onna ya Yuzaki Sakaomi, ambayo shirika la utangazaji la taifa, NHK, liliifanya tamthilia mwaka 2022 na kuiendeleza mwaka 2024. Nomoto anapenda kupika masufuria makubwa, lakini tumbo lake ni dogo. Jirani yake Kasuga ana mwili mkubwa na anakula kweli kweli. Kazini, wanaume wakiuona mkebe wa chakula alichojipikia Nomoto, wanamwambia atakuwa mke mwema. Yeye anapika kwa sababu anapenda kupika. Sentensi moja ya sifa inampokonya kitu chake na kukikabidhi kwa mume ambaye hata hayupo.

Kuna tukio moja pale ambalo kila mhakiki wa yuri angepaswa kulisoma mara mbili. Kasuga anaingia mkahawani, anaagiza mlo, na bakuli la wali linakuja likiwa limepunguzwa. Hakuomba apunguziwe. Mwenye mkahawa ameona mwanamke, akapima kwa macho yake. Kasuga anamwambia ampe kiwango cha kawaida. Baadaye tunajua alikotoka: nyumbani kwao baba na kaka walipakuliwa kwanza, na vilivyonona vilikuwa vyao. Ndipo unaelewa kwa nini Yuzaki humchora Kasuga akila katika fremu baada ya fremu, kijiko kimejaa, mashavu yamevimba, na kwa nini Nomoto anayemtazama anaanza kupenda. Kuna macho yanayomtazama mwanamke hapo, ndiyo, na ni macho ya mwanamke anayefurahi kumwona mwenzake ameshiba. Wanawake wangapi wa pwani na wa bara watalisoma tukio la wali ule bila kukumbuka sinia la nyumbani kwao?

Kitabu cha Nagata Kabi cha mwaka 2016 ndicho kinachotajwa zaidi kama ushahidi dhidi yangu, kwa sababu ya jina lake. Jina linasema wazi kwamba upweke ulimzidi akaenda kulipia huduma ya mwanamke. Wanaoishia kwenye jalada wanacheka. Ndani mna tawasifu iliyochorwa kwa rangi nyeusi, nyeupe na ya waridi, ya mwanamke wa miaka 28 mwenye makovu mkononi na kipara kidogo kichwani, aliyeugua sonona na maradhi ya kula, na ambaye wazazi wake hawatambui kazi yoyote isipokuwa ajira ya kudumu. Chumbani hotelini anatetemeka na hajui aseme nini. Sehemu kubwa ya kitabu inamhusu mama yake na ule ubinti ambao Nagata hakujua namna ya kuuacha. Mwanamume aliyekinunua kwa kutafuta msisimko amepoteza fedha zake.

Waliosoma fasihi katika shule zetu wanajua fani na maudhui hata usingizini. Wanapofika kwenye katuni hizi wanavisahau vyote viwili na kuanza kuhesabu mabusu. Wengine, wanaojiona watetezi, huhesabu mabusu hayo hayo wakisifu kila kitabu eti kwa kuwa kipo tu, na hao nao wananichosha, maana huwanyima waandishi heshima ya kukosolewa. Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo lisilomshinda yeyote aliyepitia chuo cha Kurani, na maana yake imo katika mpangilio wa fremu kama ilivyo maana ya shairi katika mizani na vina. Mhakiki atazame fremu inamkaribia nani na inamwacha nani mbali. Atazame kama mwanamke aliyechorwa ana kazi, ana kodi ya nyumba, ana mama anayempigia simu. Katika Otona ni Natte mo ya Shimura Takako, iliyochapishwa katika Kiss, jarida la wanawake watu wazima, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Ayano anambusu mwanamke mwingine usiku mmoja, kisha anarudi kwenye mkahawa wa mwanamke huyo akiwa na mume wake. Majuzuu 10 yanafuata ya mume anayeumia, wakwe, wifi aliyejifungia ndani, na uongo mdogo mdogo wa watu wazima. Msomaji wa riwaya za Kiswahili za ndoa na mawifi atajikuta nyumbani. Shimura hamsamehe mtu, hata Ayano.

Msomaji ana haki ya kutozipenda hadithi hizi. Dini yake, malezi yake au ladha yake inaweza kumwambia afunge kitabu, na mimi sitamfuata nyuma. Hana haki ya kusema zimeandikwa na watu wasioziandika, kwa ajili ya watu wasiokusudiwa. Kama mnataka kubishana nami, anzeni na Tsukuritai Onna to Tabetai Onna, juzuu la kwanza. Tafsiri yake ya Kiingereza inapatikana. Someni hadi bakuli la wali lirudishwe jikoni likaongezwe, halafu njooni tubishane.