Shetani Alikupitia, Bati Akakuachia

KIGODANI na Mzee Tindikali

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mke wangu kwenda kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba ya kikundi. Yeye ni mwanachama namba 14, mimi ni mbeba kiti. Wanachama 23 walikuwa wamekaa chini ya mwembe, kila mmoja na hesabu yake ya Krismasi kichwani: huyu ada ya Januari, yule vitenge vya sare, mwingine nauli ya kwenda Same kumwona mama.

Sanduku la kikoba mnalijua. La chuma, kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti ili pasiwe na wa kulifungua peke yake. Kufuli ya kwanza ikafunguliwa, ya pili, ya tatu. Ndani mlikuwa na daftari za hisa, kitambaa cha meza, na mfuko wa sarafu za faini za wachelewaji. Basi. Shilingi milioni sita na laki nane hazikuwemo.

Mhazini, mzee wa kanisa mwenye besi nzuri kuliko kwaya nzima, akapiga magoti vumbini. "Ndugu zangu, nisameheni. Shetani alinipitia."

Nikajua sasa patawaka. Pakawaka kweli, ila moto haukwenda kwake. "Ashindwe!" akapaza sauti mwenyekiti. "Na alegee!" wakaitikia wote, mke wangu akiwemo, na mama muuza maandazi ambaye hisa zake ndizo nyingi kuliko za yeyote pale. Dakika ishirini nzima tulimkemea shetani. Na aliyemkemea kwa nguvu kutushinda sote ni mhazini mwenyewe, mikono juu, jasho likimtiririka, utadhani naye kaibiwa.

Hapo ndipo nyongo iliponipanda. Yaani shetani aache kazi zake zote, aje mtaani kwetu kwenye njia isiyopitika hata na bajaji, abishe hodi kwa mtunza ufunguo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha ndipo ampitie mhazini? Na hao watunza funguo watatu waliokuwa wakitazama chini wakichora mchanga kwa vidole vya miguu, wao walipitiwa na nani? Na daftari la fedha, lililojazwa kila wiki kwa wino wa bluu na mwandiko wa kunyooka, lilijazwa na pembe au na kwato?

Hebu tulitazame neno lenyewe, "alinipitia." Mtu akikwambia "nipitie saa mbili," ana maana kwamba saa mbili utamkuta ameshaoga, ameshavaa, yuko mlangoni anachungulia njia. Anayepitiwa ana miadi.

Lawama nazipeleka moja kwa moja kwenye mahubiri ya vipaza sauti, hayo yanayotukosesha usingizi kila wiki. Humo uovu huja usiku, una harufu, unatoka kwa shangazi wa kijijini. Hauji kamwe mchana na kikokotoo. Matokeo yake tumekuwa hodari wa kumnusa shetani kwa jirani, na hatuwezi kusoma daftari la hisa.

Wakati Biblia hiyohiyo iko wazi mezani. Mwanzo sura ya 3, Mungu anamhoji Adamu, anamhoji Hawa. Nyoka haulizwi hata swali moja. Adamu anamsukumia mkewe, mkewe anamsukumia nyoka, na wanahukumiwa wote watatu. Utetezi wa "alinipitia" ulianguka palepale bustanini, siku ya kwanza ya mahakama. Sura inayofuata Kaini anaambiwa dhambi inamvizia mlangoni na kwamba kazi ya kuishinda ni yake. Nyoka hatajwi kabisa. Na Daudi? Aliandika barua ya kumuua Uria, akampa Uria huyohuyo aipeleke. Mambo kama hayo hukaliwa, hupangwa, hupigwa muhuri. Nabii Nathani alipombana, Daudi alisema amekosa yeye.

Mimi Mkatoliki, mke wangu Mlutheri, na tuna vita yetu ya Jumapili. Kwenye Baba Yetu sisi tunaomba kuopolewa maovuni. Wao waokolewe na yule mwovu. Wajuao Kigiriki wanasema neno la asili linasomeka namna zote mbili, na kwa ajili ya amani na chai ya moto nimemwachia ushindi miaka thelathini. Jumamosi nimeurudisha. Yule mwovu hana risiti. Maovu yanazo.

Na risiti yenyewe inaonekana kutoka barabarani. Nyumba ya mhazini imeezekwa Septemba hii kwa bati za msauzi, nyekundu, zinang'aa mpaka watu wa daladala wanageuza shingo. Shetani wa ajabu sana huyu: kapita, kachukua fedha za wajane, kamwachia mwenyeji paa.

Atasema mtu, mbona Yuda aliingiwa na Shetani? Aliingiwa, kwa Yohana sura ya 13. Ila rudi nyuma sura moja tu, ya 12, utaambiwa kwamba Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa fedha na alikuwa akiiba humo. Mhazini! Wizi umetangulia, mgeni kaja baadaye na kukuta mlango uko wazi. Na hata Yuda huyo, tunayemtukana kila Ijumaa Kuu, alipoona mambo yameharibika alivirudisha vile vipande 30 vya fedha, vyote, akakiri kosa ni lake. Shetani hakumtaja.

Basi baada ya amina ya mwisho nikanyoosha mkono, mbeba kiti mimi, nikapendekeza. Bati nimezihesabu, ni 46. Wanachama ni 23. Ziezuliwe, kila mtu apate mbili, vuli haijakolea bado.

Kimya. Kisha mama muuza maandazi akanigeukia, machozi ya maombi hayajamkauka, akatikisa kichwa: "Mzee Tindikali, kumbe una roho mbaya hivyo?"