Kamati za kwaya ziache kununua jina, zinunue gitaa

Katika kwaya nyingi za Goma, Bukavu na Uvira kuna ubishi usiokwisha: linunuliwe gitaa gani? Mara nyingi anayeamua si mpiga solo wala mpiga mi-solo. Ni mjumbe wa kamati aliyeona neno Fender kwenye video ya wanamuziki wa Kinshasa, na tangu siku hiyo hataki kusikia jina lingine. Basi mama muuza sombe anachanga, kijana wa pikipiki anachanga, hata familia zilizokimbia vita na kufika na godoro moja zinaombwa franka zao. Pesa yote hiyo inaishia kwenye herufi sita zilizoandikwa kichwani mwa gitaa.

Huo ni uonevu, na waumini wana haki ya kuukataa.

Gitaa la Fender lililotengenezwa Marekani kwa kawaida linauzwa zaidi ya dola 1,000, kabla ya usafiri na ushuru wa mpakani. Sasa anayewaletea wanakwaya "Fender ya Marekani" kwa dola 150 anawaletea nini? Gitaa la kiwanda kisichojulikana, lenye jina la kubandika. Huenda hata mbao zake si mbaya. Lakini aliyelitengeneza ameficha jina lake, na shingo ikipinda baada ya misimu miwili ya mvua hakuna wa kumuuliza.

Wapo watengenezaji wasio na sifa kubwa ambao hawajifichi. Cort ya Korea Kusini ina kiwanda Surabaya, Indonesia, na imekuwa ikitengeneza magitaa ya chapa nyingine zenye majina makubwa kuliko la kwake. Harley Benton ni chapa ya duka la Thomann la Ujerumani, na mengi ya magitaa yake huko dukani yako chini ya dola 200. Fender yenyewe ina chapa yake ya bei nafuu, Squier, tangu 1982. Wote wanauza magitaa ya umbo lile la zamani ambalo watu wanalipenda. Wala huo si wizi: mwaka 2009 ofisi ya Marekani inayosajili alama za biashara ilikataa kuipa Fender haki ya peke yake juu ya umbo la Stratocaster na Telecaster, kwa kuwa wengi walikuwa wameshalitengeneza kwa miaka mingi. Jina linalindwa, na jina ndilo wachuuzi wa bandia wanaloiba.

Wengine watasema vya bei ndogo havidumu. Vingine ni kweli havidumu, ndiyo maana mpigaji mwenyewe lazima aende dukani, asitumwe mhazini peke yake. Afumbe jicho moja aitazame shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyotazama ubao. Apitishe kidole pembeni asikie kama vyuma vya shingo vinakwaruza. Akaze nyuzi, azivute, apige tena. Zikiendelea kulegea, huenda funguo ni mbovu. Kisha apande juu, chuma cha 12 na kuendelea, maana seben inachezwa huko, na huko ndiko gitaa bovu linapojulikana: chini linaimba sawa, juu linatoka nje ya sauti.

Jambo ambalo kamati husahau kabisa ni umeme. Mikro za koili moja, kama zile za Stratocaster, zinatoa sauti safi na kali inayopendwa kwenye seben, lakini zinashika mvumo wa jenereta na wa nyaya zilizofungwa ovyo. Kwenye kanisa la mbao lenye jenereta mlangoni, mikro za koili mbili, zinazoua mvumo huo, huenda zikafaa zaidi. Hilo liamuliwe na sikio la mpigaji, kwenye ampli ileile ya kanisa.

Na ile aibu ya wageni kucheka jina dogo? Franco Luambo, kabla ya kuwa Franco wa OK Jazz, alianza utotoni na gitaa la kujiundia, la bati na nyaya za umeme. Hata Leo Fender alikuwa fundi wa redio huko Fullerton, California, na hakujua kupiga gitaa. Shingo ya Telecaster aliifunga kwa skurubu nne ili ifunguliwe na kubadilishwa bila shida. Magitaa mengi ya bei ndogo yamefungwa hivyohivyo, na fundi mwangalifu wa mtaani anaweza kuyafungua.

Kwaya yenye dola 300 itumie nusu kwa gitaa. Nusu nyingine iwe ya ampli ndogo, waya mzuri na seti mbili za nyuzi, kwa sababu gitaa la umeme bila ampli ni ubao tu. Na risiti isomwe mbele ya wote waliochanga, hata yule aliyeleta franka 500.