Tunaochapa mafaili ya wagonjwa nyumbani nasi ni wafanyakazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe dukuduku langu kuhusu sisi tunaochapa kumbukumbu za wagonjwa tukiwa majumbani kwetu.

Kazi yenyewe ni hii. Daktari huko Marekani akimaliza kumwona mgonjwa, hutamka maelezo yake kwenye kinasa sauti. Sauti hiyo hupita kwa wakala hadi kwetu hapa nchini kwa njia ya intaneti, nasi tunaiandika iwe faili la mgonjwa. Siku hizi mashine huandika kwanza, sisi tunasahihisha. Kazi hii haitaki mzaha. Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini hukaribiana sana masikioni, na kipimo cha dawa kikikosewa anayeumia ni mgonjwa.

Kwa mzigo huo tunalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa tulizokesha. Sauti ya saa moja, daktari akisema upesi au kwa kunong'ona, hunichukua saa nne. Mchana wao ni usiku wetu, hivyo nakaa macho nikisubiri mafaili, na kusubiri hakulipwi. Umeme wa Luku nanunua mwenyewe, bando nanunua mwenyewe, na kompyuta ikiharibika ni juu yangu. Tangu mashine ianze kuandika, wakala wetu amepunguza malipo akidai kazi imekuwa nyepesi. Lakini mashine ikikosea, anayekatwa fedha ni mimi.

Tukiuliza habari za likizo au michango ya NSSF tunajibiwa, "Ninyi si waajiriwa, mnajitegemea." Hebu tuulizane, wasomaji wenzangu: mtu anayejitegemea hupangiwa zamu na mwingine? Hukatwa fedha akichelewa dakika kumi?

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 iko wazi. Mtu anayeelekezwa namna ya kufanya kazi, au anayepangiwa saa, au aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haisemi kwamba haki hiyo hukomea kwenye mlango wa chumba chako.

Wapo watakaosema tushukuru, maana vijana wengi hawana kazi. Ni kweli kazi hii inatusaidia, hasa akina mama wenye watoto wadogo. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tena jambo hili halituhusu sisi peke yetu. Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa Karachi, Pakistan, alitishia kuanika kwenye intaneti mafaili ya wagonjwa wa hospitali moja ya San Francisco kwa sababu hakulipwa ujira wake. Kazi ilikuwa imepita kwa mawakala kadhaa kabla ya kumfikia. Kitisho hicho hakifai kusifiwa, kwani wagonjwa hawakuwa na kosa. Lakini kinaonyesha kwamba siri ya mgonjwa hukaa mikononi mwa mchapaji, na mchapaji anayedhulumiwa ni ulinzi dhaifu. Sisi tunasainishwa karatasi za kutunza siri, huku wengi tukifanyia kazi chumba kimoja na ndugu na watoto.

Ninaomba maofisa wa kazi wawatake mawakala hawa waonyeshe mikataba yao. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo iwakague kwa kutumia sheria ya mwaka 2022. Vyama vya wafanyakazi navyo vitufungulie milango, maana kila mmoja wetu yuko peke yake chumbani na wakala anajua hivyo.

Mchapaji wa Usiku,
Morogoro.